MTOTO SI NGAWIRA

Tarehe 5 Julai 2012, mahakama moja ya Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, ilimhukumu jenerali mzee kifungo cha miaka 50. Jorge Rafael Videla, aliyeongoza mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 24 Machi 1976, alikuwa amekwisha kuhukumiwa kifungo cha maisha kwa mateso na mauaji ya raia. Hukumu hii nyingine ilihusu watoto. Majaji waliona kwamba chini ya utawala wake kulikuwapo mpango wa kuwanyang'anya wafungwa wa kike watoto waliowazaa kizuizini, kuwafuta majina yao, na kuwatia katika nyumba za watu wengine. Jenerali huyo alifia gerezani mwaka uliofuata.

Tunaileta habari hiyo ya mbali katika ukurasa huu kwa sababu si wachache kati ya waliowapokea watoto wale walikuwa watu wa kazi yetu: maafisa wa jeshi, mabaharia wa kivita, polisi, na rafiki zao. Wapo waliokuwa wakatili, wenye kujua vizuri mama wa mtoto alifishwa wapi na nani. Wapo pia waliokuwa watu wa kawaida, mume na mke waliokosa mtoto kwa miaka mingi, wakaletewa kichanga kimezongwa blanketi, wakakipenda. Ugumu wa jambo hili unaanzia kwa hao wa pili, kwa maana mkatili ni rahisi kumhukumu.

Kulea mtoto asiye wa tumbo lako si jambo geni kwetu. Katika laini za kambi zetu hapa Uganda ni nadra kukuta safu ya nyumba isiyo na mtoto wa ndugu aliyefariki, au wa dada aliyeolewa kwingine, au wa mjomba wa kijijini aliyeletwa asome. Mtoto wa namna hiyo hula chungu kimoja na wenzake, hukemewa pamoja nao, na ada yake ya shule hutoka katika mshahara ule ule. Lakini anajua kwao. Anajua ukoo wake na mwiko wake, na anajua kaburi la baba yake liko chini ya mgomba upi. Ipo njia ya pili, ya kuasili mtoto kwa sheria, ambapo mahakama hukata uzazi wa kwanza na kuufunga wa pili kwa amri na muhuri, na tangu siku hiyo mtoto hupata jina na urithi kana kwamba amezaliwa humo. Njia ya Argentina ilikuwa ya tatu. Mara nyingi haikuwa na ndugu wala hakimu ndani yake. Ilikuwa na daktari aliyetia sahihi cheti cha kuzaliwa cha uongo, na mtu mwenye silaha ambaye hakuna aliyethubutu kumwuliza mke wake alishika mimba lini.

Mahali panapojulikana zaidi ni Chuo cha Mafundi wa Jeshi la Wanamaji, jengo kubwa lililo ndani ya Buenos Aires yenyewe, ambalo utawala ule uligeuza kuwa kizuizi cha siri. Humo kilitengwa chumba cha wafungwa wajawazito. Mwanamke alihifadhiwa hai mpaka ajifungue. Kisha alipewa karatasi na kalamu awaandikie wazazi wake kwamba mtoto anapelekwa kwao, wamtunze. Barua hizo hazikufika, wala mtoto hakufika, na mama mwenyewe hakuonekana tena. Wafungwa wengi wa chuo kile walidungwa sindano ya usingizi na kutupwa majini kutoka katika ndege. Utawala ulianguka mwaka 1983, na watu wa haki za binadamu nchini humo husema waliotoweka walikuwa 30,000. Watoto waliochukuliwa hukadiriwa kuwa wapatao 500.

Waliowatafuta walikuwa wanawake wazee. Mnamo Oktoba 1977, wakati majenerali wangali madarakani, wanawake 12 waliokuwa wamepoteza binti, wana na wakwe walianzisha chama chao, ambacho leo kinaitwa Mabibi wa Plaza de Mayo, yaani nyanya wa watoto hao, kwa jina la uwanja ulio mbele ya ikulu. Hawakuwa na fedha wala wakili wa maana. Walizunguka nyumba za mayatima, wakasimama nje ya shule saa za kutoka, wakawatazama watoto wa watu nyuso na mwendo. Sisi tuliofundishwa kazi ya upelelezi tunaweza kukiri kwamba wazee wale waliifanya kwa subira kuliko wengi wetu.

Ugumu wao ulikuwa huu: hata bibi akimwona mtoto anayefanana na binti yake, atathibitishaje? Baba na mama hawapo kutoa damu. Mapema katika miaka ya 1980 wakawauliza wataalamu wa Marekani kama damu ya bibi na babu yaweza kujaza pengo la kizazi kilichokosekana. Mwanasayansi Mary-Claire King alikuwa miongoni mwa waliowasaidia kupata jibu. Kwanza zilitumika hesabu za kulinganisha damu ya mtoto na ya wazee wa pande zote mbili. Baadaye ikatumika sehemu ya chembe za urithi ambayo kila mtu huipokea kwa mama yake tu, naye mama kwa mama yake, bila ya mkono wa baba kuingia. Kwa hiyo bibi mzaa mama na mjukuu huibeba ile ile moja. Mwaka 1987 serikali ya kiraia ikaunda kwa sheria hazina ya taifa ya kumbukumbu hizo, ili bibi akifa kabla ya kumpata mjukuu wake, damu yake ibaki ikimngoja.

Wa kwanza kupatikana, mwaka 1980, hawakuhitaji maabara. Walikuwa wasichana wawili wa mama mmoja, waliokutwa wameachwa katika bustani ya mji mwaka 1977 baada ya mama yao kukamatwa. Mkubwa alikuwa na miaka minne na mdogo angali wa miezi michache tu. Waliandikwa kama watoto wasiojulikana, wakapelekwa katika makao ya watoto, kisha mume na mke mmoja wakawaasili kwa njia ya mahakama wasijue walikotoka. Mabibi walipowafikia, wazazi wale wa kulea hawakufunga mlango. Walikubali ukweli usemwe, wakaruhusu nyanya na babu waje, na watoto wakabaki katika nyumba ile huku wakiwajua watu wao wa damu. Hakuna aliyeshtakiwa, wala palipokuwa na sababu ya kumshtaki mtu. Tunamfikiria mama yule wa kulea siku alipowakaribisha wageni wa kwanza sebuleni, akawapikia chai, akijua kwamba wamekuja na haki ambayo yeye hana. Ujasiri wa namna hiyo haupewi nishani, nasi hatujui nishani gani ingefaa.

Mwaka 1984 kesi ilikuwa ya namna nyingine. Msichana aliyekamatwa pamoja na wazazi wake mjini Montevideo, Uruguay, mnamo Mei 1978, alipatikana nyumbani kwa ofisa wa polisi wa Argentina. Ofisa huyo alikuwa amemwandikisha kuwa binti yake wa kumzaa na kudai kwamba amezaliwa mwaka 1978, kumbe alizaliwa 1976. Pamoja na jina na wazazi, mtoto aliibiwa hata miaka miwili ya umri wake. Damu ndiyo iliyoamua, kwa mara ya kwanza katika mahakama za nchi ile, na hakimu akaamuru arudishwe kwa nyanya yake. Alikuwa na umri wa miaka minane. Watu wengi walisema wakati huo kwamba ni ukatili kumwondoa mtoto mahali alipopazoea. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Lakini tuipime vizuri: mahali pale alipazoea kwa kuwa alitekwa angali mdogo wa kuzoea popote. Mtekaji hawezi kuugeuza muda aliomficha mtoto kuwa hati ya kumiliki.

Habari iliyotusumbua zaidi katika zote ni ya binti aliyelelewa na askari wa jeshi la wanamaji. Askari huyo mwenyewe alikiri mbele ya hakimu kwamba mtoto hakuwa wake, alimpokea. Binti, akiwa sasa ni mtu mzima, akatakiwa kutoa damu, akakataa. Hakudai kwamba hakuna kosa lililotendeka. Alisema damu yake isitumiwe kuwafunga watu anaowapenda, waliomlea. Kwa upande wa pili yupo nyanya mzaa mama, ambaye binti yake alitekwa akiwa na mimba. Kila mwaka ulipopita, mzee huyo alizidi kukaribia kaburi bila ya kumshika mjukuu wake mkono. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Argentina ikaamua kwamba binti hawezi kulazimishwa kutolewa damu mwilini mwake. Baadaye njia nyingine ilipatikana, ya kuchukua chembe za urithi katika vitu vya kutumia, na mwaka 2009 bunge likaiweka njia hiyo katika sheria. Na kwa vitu vyake nyumbani ukweli wa binti yule ukajulikana pasipo sindano.

Nani alikuwa na haki hapo? Tumelijadili jambo hili sisi kwa sisi, na hatukuafikiana. Mwenzetu mmoja ashikilia kwamba mwili wa mtu ni wake na pendo lake ni lake, serikali isimguse. Mwingine ajibu kwamba wizi wa mtoto haukwishi hata dakika moja maadamu mtoto hajui, hivyo kuunyamazia ni kumsaidia mwizi kila siku upya. Tunalokubaliana ni kwamba aliyemtwika binti mzigo huo si hakimu, wala si nyanya. Ni yule baharia aliyemfundisha kumwita baba, kisha akamwachia yeye kuchagua kati ya kumfunga mlezi na kumnyima bibi usingizi. Wala hatuna shaka kwamba alimpenda.

Yupo pia Victoria Donda, ambaye habari zake zinajulikana kwa kuwa aliziandika mwenyewe katika kitabu mwaka 2009, na kwa kuwa alikwisha kuwa mbunge wa taifa. Alizaliwa mwaka 1977 katika kile chuo cha wanamaji. Mama yake, asiye na chochote cha kumwachia, alimtoboa masikio na kumpitishia uzi wa buluu, ili siku moja apate kutambuliwa. Mtoto alichukuliwa, akaitwa Analía, akalelewa na ofisa wa kikosi cha ulinzi wa pwani aliyefanya kazi humo humo kizuizini. Na ndugu wa baba yake mzazi alikuwa ofisa wa wanamaji katika chuo hicho hicho. Ofisa huyo alimlea dada mkubwa wa Victoria, na mwenye uzi wa buluu akaachwa aende kwa mwingine. Watoto wawili wa tumbo moja wakakua mbalimbali, kila mmoja na ukweli wake. Mwaka 2004 Victoria alipata majibu ya vipimo, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Mlezi wake alikuwa amejipiga risasi mwaka uliotangulia, jina lake lilipotajwa miongoni mwa washtakiwa, akanusurika. Binti akaenda kumwuguza. Maofisa wote wawili, mlezi na amu, walikuja kuhukumiwa. Victoria amesema waziwazi kwamba hakuacha kumpenda aliyemlea, na kwamba hukumu ni ya haki. Asomaye maneno hayo akadhani yanapingana hajapata kukaa karibu na mtoto wa kulea.

Wengine hawakusamehe. Mwaka 2008 binti mmoja aliwashtaki mwenyewe mume na mke waliomchukua, pamoja na kapteni mstaafu wa jeshi aliyewaletea. Mume alipata miaka minane, mke saba, kapteni kumi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtoto aliyechukuliwa kusimama kizimbani mwa mashahidi dhidi ya walezi wake. Wapo waliomwita asiye na shukrani. Hilo neno shukrani tungependa liachwe. Mtoto aliyeasiliwa, hata kwa njia halali kabisa, huambiwa mara nyingi mno jinsi alivyookolewa, mpaka anaogopa kuuliza jina la mama yake asije akaonekana mkosefu wa adabu. Huuliza kwa njia nyingine: hukaa kimya mezani, au hujitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, au hutaka kujua kwa nini hakuna picha yake ya uchanga. Na mama mlezi, ambaye huenda alinyanyapaliwa miaka mingi na mawifi kwa kukosa uzazi, husikia katika kila swali mlio wa mlango unaofunguliwa mtoto atoke. Wote wawili wanaogopa jambo moja, kuachwa, na kila mmoja anaficha.

Sasa turudi kwetu. Katika nchi zetu hizi vita, magonjwa na njaa vimewaacha watoto wengi barabarani, na mara nyingi mtu wa kwanza kuwafikia ni askari. Yuko kwenye doria, kijiji ni kitupu, mtoto analia. Kumbeba ni wajibu. Anayempita si mwenzetu. Swali ni la asubuhi inayofuata. Hutokea askari akasema, "Huyu Mungu amenipa," akampeleka kwa mkewe, na mambo yakaishia hapo. Labda mama wa mtoto alikufa. Labda alikimbilia upande wa pili wa mto na mtoto mwingine mgongoni, na sasa anauliza kila kambi. Askari hawezi kujua kwa kutazama. Kwa hiyo aandike: mahali, tarehe, saa, nguo aliyovaa mtoto, shanga, kovu, lugha aliyolilia, jina alilolitaja hata kama halieleweki. Asiitupe nguo hiyo kwa kuwa imechakaa. Uzi wa buluu wa mama mmoja uliishi katika kumbukumbu za waliouona kuliko faili zote za chuo kile.

Sheria ya Watoto ya Uganda ya mwaka 1997, iliyorekebishwa mwaka 2016, inazitaka serikali za mitaa zifanye kila jitihada, pamoja na kutangaza katika vyombo vya habari, kuwatafuta wazazi wa mtoto aliyepotea au kuachwa. Atakaye kumwasili mtoto awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto huyo kwa miaka 21 angalau. Amlee kwanza chini ya macho ya afisa wa ustawi wa jamii. Na mtoto akiwa na miaka 14 au zaidi, yeye mwenyewe aulizwe kama anakubali. Mwanamume aliye peke yake hapewi mtoto wa kike isipokuwa kwa sababu za pekee, jambo ambalo makapera wa kambini walijue mapema. Raia huanzia kwa Hakimu Mkuu wa eneo. Ni safari ndefu yenye karatasi nyingi, na tumesikia manung'uniko juu yake, lakini kila karatasi katika jalada lile ni mahali ambapo mama aliye hai anaweza kutokea akasema, "Huyo ni wangu."

Ipo na sheria ya mataifa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1990, una kifungu cha 8 kinachomlinda mtoto asipokonywe jina lake, uraia wake na ukoo wake, na kuitaka serikali imrudishie akipokonywa. Kifungu hicho kilipendekezwa na Argentina, kutokana na kelele za mabibi wale. Hivyo askari wa Gulu au Moroto anayeandika jina la kijiji alikomwokota mtoto anatimiza, ajue asijue, neno lililoanzia katika uwanja wa Buenos Aires.

Kufikia Julai 2025 waliopatikana walikuwa 140. Wengi wa wasiopatikana wanakaribia miaka 50, huenda nao wana wajukuu, na mabibi waliobaki ni wachache sana.

Mmoja wao ni Estela de Carlotto, mwalimu, aliyekiongoza chama hicho tangu mwaka 1989. Binti yake Laura alitekwa mwaka 1977. Maiti yake ilirudishwa kwa wazazi Agosti 1978, jambo lililokuwa nadra, na kaburi lilipofukuliwa mwaka 1985 mifupa ilionyesha kwamba alikuwa amezaa. Wafungwa wenzake walionusurika walisema alizaa mtoto wa kiume, akampa jina la baba yake, Guido. Mama huyo aliwasaidia wengine kupata wajukuu wao, mmoja baada ya mwingine, na wake haonekani. Agosti 2014, mtu wa 114 kutambuliwa alikuwa mpiga piano wa mji wa Olavarría, aliyelelewa shambani na vibarua wanyofu waliopewa mtoto na mwenye shamba. Wiki chache tu kabla ya kupimwa alikuwa amesikia kwamba hakuzaliwa nao, akaenda mwenyewe kutoa damu. Tangu utotoni alikuwa akijiuliza muziki aliutoa wapi, kwa maana nyumbani hapakuwa na mtu wa kuupiga. Akaambiwa kuwa baba yake mzazi alikuwa mpiga ngoma. Aliwakumbatia jamaa zake wapya mbele ya ulimwengu mzima, na waliomlea akaendelea kuwaita wazazi. Bibi yake, aliyemtafuta kwa miaka 36 kwa jina la Guido, alipenda kumwita hivyo. Yeye akaomba, kwa heshima, aendelee kuitwa Ignacio.